Kichupa cha protini nilichoapa kwamba kimefika Bungoma kikiwa kitupu

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wengine na kucheka peke yangu. Leo nimeona niweke na mimi yangu. Kisa hiki kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na rafiki wa rafiki. Majina nimebadilisha, maabara siitaji, ila pale nilipofanya ujinga sijaupunguza hata kidogo. Mkifika mahali najisifu, vumilieni, hapachukui muda mrefu.

Kiswahili changu ni cha huku bara. Watu wa pwani mkiona ngeli imeteleza, iokoteni tu mwendelee kusoma.

Kwanza mnijue.

Niiteni Barasa. Nina miaka arobaini na moja. Nimezaliwa na kulelewa shambani, nje kidogo ya Kitale. Nilifanya kazi kwenye agroveti mjini Kitale miaka minane, nikiuza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Sasa hivi ni mtu wa stoo katika maabara moja ndogo ya utafiti hapa Bungoma.

Mimi si mwanasayansi. Kazi yangu ni kupokea mizigo, kuihakiki, kuipanga, na kugombana na wanaotuletea vitu. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, na pale maabara kila mtu anajua. Wananiita Agroveti.

Sasa lazima niwaeleze kwa nini mimi ni mtu wa kushuku kila kitu.

Nikiwa bado kijana, baba yangu alinunua mbegu ya mahindi ya ekari tatu. Pakiti nzuri, nembo nzuri, rangi ya mbegu imekolea. Tukapanda. Mvua ikanyesha vizuri kabisa. Shamba likaota vipara, shina moja hapa, lingine kule, katikati udongo mtupu.

Kumbe ilikuwa mahindi ya kawaida tu, yamepakwa rangi.

Baba akarudi kwa aliyemuuzia. Wa kwanza kuulizwa swali akawa yeye: pakiti iko wapi? Baba alikuwa ameitumia kuwashia moto jikoni. Hakuwa na pakiti, hakuwa na hata punje moja iliyobaki. Akarudi nyumbani mikono mitupu na mwaka ule tulikula kwa shida.

Tangu hapo, kwetu pakiti ya mbegu haitupwi. Baba ana sanduku la bati chini ya kitanda, ndani kuna pakiti ya kila msimu, na katika kila pakiti ameacha konzi moja ya mbegu. Ukimuuliza ni za nini, anakujibu kwamba ni ushahidi.

Na mimi kule agroveti nikajifunza yangu. Mzigo ukifika, usiamini maandishi. Fungua. Mwaga kidogo kiganjani. Angalia, nusa, tikisa. Halafu mteja akileta malalamiko, weka kila kitu pamoja, mfuko, kifuniko, lebo, na uweke pahali panapofaa. Maana swali la kwanza la kampuni huwa ni moja tu: uliihifadhi wapi? Ukisema juani, umekwisha.

Shikeni hayo, yatarudi.

Sasa aingie Nekesa.

Nekesa ni binti wa Malakisi, wazazi wake ni wakulima wa tumbaku. Anasomea shahada ya uzamili na utafiti wake anaufanyia kwetu. Mama yake ni wa ukoo wetu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ananiita khocha, yaani mjomba, ndugu ya mama. Kwa sisi Wabukusu hilo si jina la kuitana ovyo. Khocha ana wajibu.

Utafiti wake ni wa malaria kwa watoto. Nitaeleza kama nilivyoelezwa, madaktari mliomo humu mtanirekebisha.

Mwili ukivamiwa, seli za kinga hutoa protini inayoitwa interferon gamma, ili kuamsha seli nyingine zipigane. Nekesa anataka kujua seli za mtoto mmoja zinatoa kiasi gani, na za mwingine kiasi gani, labda ijulikane kwa nini wengine wanaugua sana na wengine wanapona haraka.

Wamama wa upande wa Bokoli walikubali watoto wao watolewe damu kidogo. Nekesa aliniambia kuna mama mmoja alimtazama usoni akamuuliza, "Utarudi kutuambia kile umeona, ama utapotea kama wale wengine?" Nekesa akamwahidi atarudi.

Sampuli zikafanyiwa kazi, zikaingia kwenye friza. Kilichobaki ni kupima.

Lakini huwezi kupima bila kipimo. Nekesa alinieleza vizuri siku moja tukinywa chai: ukitaka kupima mahindi kwa mizani lazima uwe na jiwe ambalo unajua ni kilo moja. Jiwe lake yeye ni hiyo hiyo interferon gamma, lakini iliyotengenezwa maabara, ambayo kiasi chake kinajulikana.

Hii haitolewi kwa mtu, wakuu. Wataalamu wanachukua jeni ya binadamu yenye maagizo ya kutengeneza protini hiyo, wanaiweka ndani ya bakteria, bakteria wanaizalisha, halafu inasafishwa na kukaushwa. Si dawa, hakuna anayedungwa. Ni ya kazi ya maabara tu.

Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilifikiria sana. Bakteria anatengeneza kinga ya mtu. Mungu ana mambo.

Ile ya zamani iliyokuwepo maabara ilikuwa imebaki kitone, ya kutosha kazi ya siku moja, na Nekesa alikuwa na kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo tukaagiza kichupa kipya kutoka ng'ambo. Kikachukua zaidi ya miezi miwili. Chuo chake kilikuwa kimeshamwongezea muda mara moja, na barua ilisema wazi hawataongeza tena. Mwisho wa mwezi ule, kama hana matokeo, jina lake linatolewa.

Miaka miwili ya kazi, watoto wa watu, ahadi ya Bokoli, vyote vilikuwa vinasubiri kichupa kimoja.

Kikafika Jumatatu asubuhi.

Boksi kubwa la kutosha kuku wawili. Ndani kuna boksi jeupe la plastiki ya povu. Ndani yake vifuko vya barafu. Ndani yake mfuko. Ndani ya mfuko kichupa cha plastiki, urefu wa kidole changu kidogo, kina kifuniko cha kuzungusha.

Nikakiinua dirishani. Sikuona kitu.

Nikakitikisa karibu na sikio. Sikusikia kitu.

Wakuu, damu ilinipanda. Niliona ekari tatu za vipara mbele yangu. Miezi miwili tumesubiri, boksi lote hili, kumbe tumeuziwa hewa.

Kulikuwa na karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Sikuisoma. Mtu wa miaka minane agroveti, nisome maelezo ya nini?

Nikavaa glavu, kwa sababu hata nikiwa na hasira mimi ni mtu wa utaratibu. Nikatandika karatasi nyeupe mezani. Nikafungua kichupa, nikakipindua juu ya karatasi, nikakigonga mara mbili kwa kidole kama ninavyogonga pakiti ya mbegu ya sukuma.

Haikuanguka hata chembe.

Nikampigia Nekesa. Wiki hiyo alikuwa kwao Malakisi akimuuguza mama yake. Nikamwambia, "Nekesa, tumetapeliwa. Kichupa kimekuja tupu."

Akauliza kama nimeangalia vizuri. Nikamwambia nimeangalia, nimepindua, hamna kitu. Na yeye akaniamini, wakuu. Hakuwahi kupokea kichupa kipya, ile ya zamani alipewa ikiwa imeshayeyushwa. Tena, nani angebisha na Agroveti kuhusu mzigo feki?

Halafu nikasikia analia, analia polepole kama mtu asiyetaka mama yake asikie chumba cha pili.

Hapo hasira yangu ikawa mara mbili. Nikajiambia hawa watu nitawaonyesha.

Nikafunga kifuniko. Nikakunja ile karatasi nyeupe. Kichupa, karatasi na lebo nikatia ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, nikaandika juu kwa kalamu nene: USHAHIDI. MSIGUSE. Tarehe, saa, sahihi yangu. Na kwa kuwa lebo ilisema kikae kwenye baridi kali, nikakiweka kwenye friza, ili wasije wakasema niliweka vibaya.

Halafu nikaketi kwenye kompyuta, nikawaandikia barua pepe. Siirudii hapa. Nilitumia neno "wizi" zaidi ya mara moja na nilitaja vyombo vya serikali ambavyo sina uhakika vipo.

Mkuu wetu wa maabara, Madam Nafula, alikuwa kwenye mafunzo Kisumu wiki nzima. Sikumpigia. Nilitaka arudi akute nimeshashinda kesi.

Ijumaa nikaenda nyumbani Kitale. Ulikuwa wakati wa kupanda, na baba yangu, pamoja na miaka yake yote, bado hakubali mtu mwingine aweke mbolea. Anapima mwenyewe kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kwa kila shimo.

Jumamosi asubuhi tukiwa shambani nikamhadithia. Alifurahi sana. Alifurahi kwa ile hasira ya mtu aliyepata mwenzake. Akaniuliza kama nimeweka pakiti. Nikamwambia nimeweka kila kitu, mpaka karatasi ya kumwagia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nimekuwa mtu mzima.

Simu ikalia mfukoni. Wale wa kichupa wamejibu.

Nilitegemea kukuta matusi. Wakuu, jibu lilikuwa la upole mpaka likanitia baridi. Kwa Kiswahili lilikuwa hivi:

Asante kwa kutuandikia, na pole kwa wasiwasi. Protini iliyomo ni kidogo mno, haiwezi kuonekana kwa macho. Ikikaushwa hubaki kama utando mwembamba kwenye kuta za kichupa, au vumbi jepesi lililokwama kwenye kifuniko. Ndiyo maana maelezo yanasema kichupa kizungushwe kwanza kwenye mashine, kabla ya kufunguliwa, ili yote iteremke chini. Je, kichupa kimefunguliwa? Kama hakijafunguliwa, tafadhali kirudisheni, tutakichunguza na kuwatumia kingine.

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Nikakaa juu ya gunia la mbolea.

Kichupa hakikuwa kitupu. Protini ilikuwa ndani. Na mimi ndiye niliyekifungua, nikakipindua, nikakigonga.

Nitawaambia ukweli kama nilivyoahidi. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa Nekesa. Lilikuwa jina langu. Niliona Madam Nafula akisoma barua yangu yenye "wizi" ndani. Niliona vijana wa maabara wakicheka mpaka Krismasi.

Jambo la pili likaja haraka nyuma yake: andika kwamba hakijafunguliwa.

Wako mbali. Hakuna aliyeniona. Nitawarudishia kichupa, watatuma kingine, nitawaambia wote pale kazini kwamba kampuni imekubali kosa. Kingine kitachukua miezi miwili na Nekesa atakuwa ameshatolewa chuoni, lakini angalau haitakuwa mimi. Ndivyo nilivyofikiria, kwa lugha hiyo hiyo.

Baba akaniuliza mbona nimekaa. Nikamweleza yote. Hakusimama, aliendelea na kizibo chake, shimo baada ya shimo.

"Sasa utawaandikia nini?" akauliza.

Nikamwambia naweza kusema hakijafunguliwa, na hakuna mtu atajua.

Akaweka mbolea mashimo mawili, matatu. Halafu akasema bila kunitazama, "Unakumbuka ule mtu wa mbegu alituambia nini?"

Nikasema nakumbuka.

"Alisema ati ni mvua ilikosa. Na siku hiyo tuko na yeye hapo nje ya duka, mvua inatunyeshea sisi wawili."

Akaenda shimo linalofuata. Mimi nilibaki pale juu ya gunia na uso wangu ukiwaka kwa aibu, mtu wa miaka arobaini na moja. Halafu nikachukua mbegu nikamfuata, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia na mstari haujaisha.

Jioni hiyo nikawajibu wale watu. Nikaandika: nilikifungua mimi, sikusoma maelezo, naomba radhi kwa barua ya kwanza.

Jumatatu Nekesa alikuwa amerudi kazini, macho yamevimba. Madam Nafula naye alikuwa amerudi. Nikawaomba wote wawili waje stoo. Sikutaka kukaa.

Nikasema, "Nekesa, kichupa hakikuja tupu. Protini ilikuwa ndani, mimi ndiye nilikifungua vibaya."

Akanigeukia.

"Ulifungua, Barasa?"

Hakusema khocha. Alisema Barasa, kama unavyomwita mtu wa dukani. Halafu akatoka, akaenda kusimama nje karibu na tangi la maji, mgongo ametugeuzia. Nimewahi kutukanwa na wateja waliolewa, na hakuna tusi lililowahi kuniuma kama hilo jina langu mwenyewe.

Madam Nafula hakunikasirikia. Huyu mama ameshika vifaa vya maabara tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na akipatwa na jambo huanza kuuliza maswali. Ulipuliza ndani? Hapana. Ulisuuza? Hapana. Kilikaa wazi muda gani? Kama dakika moja.

"Na kifuniko? Kifuniko ulitupa?"

Nikaenda kwenye friza, nikamletea mfuko.

Akausoma. USHAHIDI. MSIGUSE. Tarehe, saa, sahihi. Akauinua kwenye mwanga, akaona kichupa kimefungwa na kifuniko chake, lebo, na karatasi iliyokunjwa vizuri kama barua ya posa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa.

"Agroveti, wewe ni mtu wa ajabu. Mwingine angekuwa ametupa hii kitu kwa pipa siku hiyo hiyo."

Halafu akafungua dirisha, akaita, "Nekesa. Njoo. Hatujapoteza bado."

Nikamsikia Nekesa akikimbia.

Madam akatueleza sote wawili. Protini ikikauka hukwama kwenye plastiki. Niligonga mara mbili tu, kwa hiyo huenda iliyodondoka ni kidogo sana, na nyingi bado imeshika kwenye kuta na ndani ya kifuniko. Kwa sababu ilikaa kavu na kwenye baridi, huenda bado ni nzima. Lakini tatizo lilikuwa moja: hata tukiipata, hatujui tena ni kiasi gani. Jiwe la mizani limemeguka na hatujui limemeguka wapi.

Nekesa ndiye aliyesema, "Si tuko na kitone ya ile ya zamani?"

Kile kitone, wakuu. Cha kutosha sahani moja tu ya kupimia. Kiasi chake kilikuwa kinajulikana. Kama wakiweka ya zamani na mpya bega kwa bega kwenye sahani moja, ya zamani ingeipima mpya. Wangepata nafasi moja tu, na wakikosea hakuna ya zamani tena.

Madam akakataa kufanya yeye. Alisema huu ni utafiti wa Nekesa na mkono uwe wa Nekesa.

Kichupa kikawekwa kwenye mashine ya kuzungusha, kikazunguka, kikatulia. Nekesa akafungua taratibu. Akaweka maji yaliyotayarishwa, ambayo yana protini nyingine ya kawaida ndani, ili hii ya thamani isishike tena kwenye plastiki. Akalowesha kuta. Akafunga, akakilaza ili maji yafike kwenye kifuniko, akakiacha hivyo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaona muda unapita na hakuna anayefanya chochote, nikauliza kama si wakitikise kidogo.

Wote wawili wakanigeukia kwa pamoja.

"Hii si dawa ya kupe," Madam akasema. Akanieleza kwamba ukiitikisa inatoa povu na kuharibika, inataka kuachwa iyeyuke yenyewe. Nikabaki pale pale mlangoni kwangu.

Kazi ya sahani ilichukua siku iliyofuata nzima. Ni sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vingi. Nekesa akaweka ya zamani kwenye safu moja, kila kishimo nusu ya kile kilichotangulia. Safu ya pili akaweka ile mpya hivyo hivyo. Ikaoshwa, ikasubiri, ikaoshwa tena. Nilipitia pale mara nyingi nikijifanya natafuta boksi la glavu.

Alasiri akaweka kile kimiminika cha mwisho. Mimi nilikuwa stoo, nimeshindwa hata kupanga rafu. Nilikuwa najiambia kama imeshindikana nitaacha kazi nirudi Kitale, na jambo hilo nililimaanisha.

Halafu nikasikia sauti yake.

"Khocha. Khocha, njoo uone."

Nilikwenda haraka kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Safu ya kwanza ilikuwa njano, kali mwanzoni, ikipungua kishimo baada ya kishimo hadi karibu na rangi ya maji. Na safu ya pili, ile ya kichupa nilichokigonga mezani, nayo ilikuwa njano. Ilishuka hatua kwa hatua sawasawa na ya kwanza, ila imefifia kidogo tu, kama gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, ambao haujajaa hadi ukingoni.

Madam akaweka sahani kwenye mashine ya kusoma, akatazama namba, akapiga hesabu kwenye karatasi. Akasema kuna iliyopotea, lakini si nyingi. Iliyobaki inatosha sahani zote za Nekesa, na sasa inajulikana ni kiasi gani. Siku hiyo hiyo wakaigawa kwenye vichupa vidogo vidogo, cha kutosha kazi moja kila kimoja, ili isigandishwe na kuyeyushwa mara nyingi.

Nekesa alikaa kwenye kiti akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia tena, kumbe alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyelia kidogo, na ninaandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua.

Alipima sampuli zote, akamaliza siku chache kabla ya mwisho wa mwezi.

Alipokuwa anaandika, nilimwambia taratibu kwamba si lazima habari ya kichupa iingie, kwani hesabu imetoka sawa. Akanitazama nikamkumbuka baba yangu kule shambani, ingawa yeye baba hakuwa ameniangalia. Akasema ataandika. Akaandika sentensi mbili: kwamba kichupa kilifunguliwa kabla ya kuzungushwa, na kwamba kiasi kilipimwa upya dhidi ya cha zamani. Siku ya kutetea kazi yake mmoja wa walimu akauliza kuhusu sentensi hizo, akaeleza, wakaendelea na swali lingine.

Alipita.

Mwezi jana alirudi Bokoli. Nilienda naye, kazi yangu ikiwa kubeba viti. Wamama wakakaa chini ya hema la kanisa, watoto wakizunguka. Nekesa akawaambia alichoona, na kile ambacho bado hajui, kwa lugha ya nyumbani. Yule mama aliyemuuliza swali lile la kwanza alikuwa amekaa mbele. Mwishoni alisimama akamshika mkono, akasema tu, "Umerudi."

Kile kichupa, kilipokwisha kabisa, nilikiomba. Madam akaniruhusu, kikiwa kimesafishwa. Nikakipeleka Kitale.

Baba akakiinua mlangoni kwenye mwanga, akafunga jicho moja.

"Na sasa iko na kitu?"

Nikamwambia hapana, sasa kimekwisha kweli.

Akakizungusha tena. "Mbona iko vile vile tu umesema ilikuwa?"

Nikamwambia ndiyo, baba, kiko vile vile. Akainama chini ya kitanda, akavuta lile sanduku la bati, akakiweka humo pamoja na pakiti za mbegu. Kizibo cha soda kilikuwa bado kwenye mfuko wa shati lake.

Sasa, wakuu, nilichojifunza mimi. Bado nashuku kila mzigo, hiyo haitatoka. Bado naweka kila pakiti na kila kifuniko, na hiyo nawashauri na nyinyi. Lakini siku hizi nasoma karatasi ya maelezo kwanza, yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Na nikikosea, nasema ni mimi kabla mtu hajaniuliza, maana kama ningesema ni wao, kichupa kingekuwa kimesharudishwa ng'ambo na Nekesa angekuwa Malakisi akivuna tumbaku.

Wenye utaalamu wa maabara, nirekebisheni nilipoteleza, sitakasirika. Na nyinyi wengine, mmewahi kuapa kwamba kitu ni kitupu, kumbe mlikuwa hamuoni tu? Andikeni hapa chini. Niko stoo, leo hakuna mzigo, nitasoma yote.